Kuboresha kongamano lijalo ukiwa bado umeketi ndani ya hili

Makongamano ya kitaaluma yana ugonjwa mmoja sugu. Kasoro zilezile hurudi kila mwaka, na kila mwaka washiriki huziona, huzinung'unikia wakati wa chai, kisha hufunga mizigo na kuondoka. Kikao kimechelewa kuanza. Msemaji wa mwisho amebakiziwa dakika sita. Herufi za slaidi hazisomeki kuanzia safu ya tano. Swali la kwanza limegeuka hotuba. Baada ya hapo kamati huvunjwa, huundwa nyingine, nayo jambo la kwanza inalofanya ni kuchukua ratiba ya mwaka jana na kubadilisha tarehe.

Dawa yake naiona kwa mshiriki wa kawaida kuliko kwa kamati. Kamati siku zile haioni mengi: iko mlangoni na vitambulisho, iko kwenye simu na mpishi, inamtafuta msemaji mkuu ambaye gari limemshusha jengo lisilo lake. Anayekaa ukumbini tangu kikao cha kwanza hadi cha mwisho ni mshiriki. Huyo akiandika alichokiona kwa vipimo, siku ileile, kisha akamfikishia mtu mwenye uwezo wa kukirekebisha, lijalo litakuwa bora. Asipofanya hivyo, hakuna mwingine atakayefanya.

Ukurasa mmoja wa daftari kwa kila kikao unatosha. Andika saa iliyo kwenye ratiba na saa kikao kilipoanza kweli. Dakika alizotumia kila mwasilishaji. Dakika zilizobaki kwa maswali na idadi ya waliouliza. Watu uliowahesabu dakika ya 10 na uliowahesabu kuelekea mwisho. Kisha andika sababu ya kila kilichokwama, maana sababu ndiyo yenye thamani kuliko vyote. Ukiandika "kilichelewa dakika 12", mwandaaji atakujibu kwamba mwakani watajitahidi kuwahi. Ukiandika "kilichelewa dakika 12 kwa kuwa kila mwasilishaji alikuja na kompyuta yake, na kebo ikachomolewa mara nne", anajua la kufanya: mafaili yote yaingizwe kwenye kompyuta moja kabla ya kikao.

Hesabu ya kikao cha dakika 90

Ukizifuatilia kasoro nyingi hadi kwenye mzizi, utakuta muda. Chukua kikao cha kawaida: dakika 90, wawasilishaji wanne, kila mmoja dakika 20, yaani 15 za kuzungumza na 5 za maswali. Kwenye karatasi kunaonekana akiba ya dakika 10. Sasa ongeza yasiyoandikwa. Mwenyekiti anafungua kikao na kueleza utaratibu, dakika 3. Kumtambulisha mwasilishaji, yeye kufika mbele, faili kufunguka: dakika 2 kwa kila mmoja, jumla 8. Tayari ni dakika 91, na hakuna aliyezidisha hata sekunde. Watatu wa mwanzo wakizidisha dakika 3 kila mmoja, jambo la kawaida kabisa, wa nne anasimama akiwa amebakiwa na dakika 10, nusu ya muda aliopewa. Huyo huenda ni mwanafunzi wa uzamivu aliyesafiri siku nzima ili asikie watu wanasema nini kuhusu kazi yake, na maswali ndiyo hukatwa kwanza.

Wape nafasi watatu badala ya wanne. Dakika 3 za kufungua, 6 za kubadilishana, 60 za mada na maswali: jumla 69. Zinabaki 21, na hizo zitumike kwa mjadala wa pamoja, wawasilishaji wote watatu wakiwa mbele. Mjadala huo ndio unaofanya watu wagundue kwamba mada ya kwanza na ya tatu zinapingana, jambo ambalo dakika 5 za maswali haziwezi kulifikia.

Waandaaji huiogopa hesabu hii kwa sababu inapunguza mada. Kongamano la siku mbili lenye kumbi nne na vikao vitatu kwa siku lina nafasi 24 za vikao. Kwa wanne wanne ni mada 96. Kwa watatu watatu ni 72. Hizo 24 zinazobaki ni watu, na mara nyingi mtu asiyepewa nafasi hapati fedha za safari kutoka taasisi yake. Kwa hiyo wasikataliwe. Wapelekwe kwenye mabango, yaani karatasi kubwa za matokeo zinazobandikwa ubaoni huku mwenye kazi akisimama kando kuieleza, na mabango yapewe muda na mahali pa heshima. Nitalirudia hili chini.

Kuna kanuni moja inayovunjwa kila mahali, nayo haina gharama. Mwasilishaji asipotokea, mada inayofuata isisogezwe mbele. Vikao vikiwa sambamba, watu hutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine kwa kufuata saa iliyochapwa. Aliyekuja kusikiliza mada ya saa 5:40 atakuta imekwisha saa 5:35, na mwasilishaji naye atakuwa amezungumza bila msikilizaji aliyemhitaji kuliko wote. Pengo liachwe kwa mjadala au mapumziko mafupi. Vilevile mada za pili, za tatu na kuendelea zianze kwa saa ileile katika kumbi zote. Ukumbi mmoja ukipanga kwa dakika 20 na mwingine kwa dakika 25, hakuna atakayeweza kuhama bila kukatiza mtu.

Mwenyekiti wa kikao

Mwenyekiti hupewa jina la ukumbi na orodha ya wawasilishaji, basi. Kisha tunashangaa akishindwa kudhibiti muda. Anahitaji ukurasa mmoja wa maelekezo siku chache kabla, wenye mambo ya aina hii:

- Fika dakika 15 kabla. Fungua kila faili kwenye kompyuta ya ukumbi, pitisha slaidi zote haraka, jaribu sauti kama kuna video.
- Muulize kila mwasilishaji jina lake linavyotamkwa.
- Waonyeshe kadi tatu: 5, 2 na 0. Waeleze kwamba kwenye 0 utasimama, na dakika moja baadaye utafika mbele na kushukuru.
- Keti safu ya kwanza, katikati. Ukiketi pembeni mwa jukwaa, mwasilishaji anayetazama watu hazioni kadi zako.
- Andaa swali moja kwa kila mada, la kutumia endapo ukumbi utanyamaza.

Utaratibu wa kadi utangazwe mbele ya wote kabla ya mada ya kwanza, ili anayesimamishwa asijione ameonewa. Tatizo huwa kubwa zaidi pale mwenyekiti ni kijana na anayezidisha ni profesa wake. Hapo heshima hushinda kadi, na wawasilishaji wanaofuata ndio hulipa. Kishikwambi chenye saa ya kuhesabu kurudi nyuma, kikiwekwa chini mbele ya mwasilishaji kwa tarakimu kubwa, humtua kijana mzigo huo. Saa haijui cheo cha mtu.

Maswali

Mwaka 2018 Alecia Carter na wenzake walichapisha katika jarida la PLOS ONE uchunguzi wa semina za kitaaluma katika nchi 10. Walikuta kwamba wanawake waliuliza maswali machache kuliko sehemu yao ya wasikilizaji, na kwamba pengo lilikuwa kubwa zaidi pale swali la kwanza lilipotoka kwa mwanamume. Semina si kongamano, lakini funzo lake ni rahisi kulitumia: mwenyekiti asichukue mkono wa kwanza anaouona. Asubiri sekunde 10, atazame pande zote za ukumbi hadi nyuma, ndipo achague. Swali la kwanza likitoka kwa mwanafunzi au mtu ambaye bado hajasikika, wengine hupata ujasiri.

Njia nyingine ninayoipenda kuliko zote ni kuwapa wasikilizaji dakika moja wazungumze na jirani kabla ya kufungua maswali. Mtu asiyejua kama swali lake lina maana hulijaribu kwanza kwa aliye kando yake. Maswali yanayotoka baada ya dakika hiyo huwa mafupi na makali zaidi, na wale wa kusema "sina swali, nina maoni" hupungua kwa sababu maoni yao wameshayatoa.

Kipaza sauti kitumike kila mara, hata kama muulizaji anasema sauti yake inatosha. Inatosha kwa anayesikia vizuri. Asiyesikia vizuri na aliye mtandaoni hawapati kitu. Kama kipaza sauti ni kimoja, kishikwe na mtu wa kamati anayetembea nacho. Kikikabidhiwa muulizaji, kukirudisha ni kazi nyingine. Na mwasilishaji alirudie swali kabla ya kulijibu.

Slaidi na ukumbi

Hapa nitapita upesi. Katika ukumbi wa sakafu bapa, theluthi ya chini ya skrini huzibwa na vichwa vya walioketi mbele. Kwa hiyo matokeo na vichwa vya grafu vikae juu. Herufi chini ya ukubwa wa 24 zinasomwa na mwandishi peke yake. Projekta nyingi sasa ni za uwiano wa upana kwa kimo wa 16:9, lakini za zamani ni 4:3, na slaidi ikikutana na uwiano usio wake hupungua ukubwa na kuachwa na kingo nyeusi. Mwandaaji autaje uwiano katika barua ya kukubali ikisiri, yaani muhtasari wa mada uliotumwa kuomba nafasi. Kila mwasilishaji awe na nakala ya PDF pembeni, maana fonti isiyokuwepo kwenye kompyuta ya ukumbi hubadilishwa na nyingine, na milinganyo na herufi zenye alama ndizo huharibika kwanza. Kompyuta ya ukumbi izimiwe masasisho ya kujianzisha na isiruhusiwe kulala. Mafaili yapewe majina yanayoanza na namba ya zamu, mfano 02_jina, la sivyo utakuta mafaili matano yote yanaitwa "wasilisho la mwisho".

Kukiwa na washiriki wa mtandaoni, fedha ziende kwenye sauti kwanza. Picha ikiyumba watu huvumilia. Sauti ikikatika hufunga na kuondoka. Kipaza sauti cha kompyuta iliyo mezani hakimsikii msemaji anayetembea, kwa hiyo cha kubana kwenye nguo hakikwepeki. Ratiba iandikwe pia kwa saa za UTC, saa ya pamoja ya kimataifa. Na awepo mtu mmoja ukumbini ambaye kazi yake pekee ni hao wa mtandaoni: anasoma maswali yao kwa sauti, na mwenyekiti humpa zamu baada ya kila swali la ukumbini. Wakiachiwa "kama muda utabaki", muda haubaki.

Mabango

Karatasi ya A0 ni sentimita 84.1 kwa 118.9. Ubao wa upana wa mita moja hubeba bango la wima bila shida, ila la mlalo hutokeza nje karibu sentimita 19. Kosa hili hutokea kwa sababu mwito wa makala husema "bango la A0" na kunyamaza. Mwandaaji ataje vipimo vya ubao, aseme ni wima au mlalo, na aseme kama ni pini au gundi ya karatasi itakayotumika, tena awe navyo mwenyewe mlangoni.

Mwaka 2019 Mike Morrison, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Michigan State University, alieneza muundo wa bango unaoweka tokeo kuu katikati kwa lugha nyepesi na herufi kubwa, maelezo yakibaki pembeni, pamoja na msimbo wa QR wa kupakua makala kamili. Naukubali kwa sehemu kubwa, kwa sababu mpita njia anajua ndani ya sekunde chache kama asimame au aendelee. Ninachoongeza ni grafu moja kubwa chini ya hiyo sentensi. Sentensi bila ushahidi machoni humfanya mtafiti makini apite.

Heshima niliyoitaja juu inajengwa na ratiba. Mabango yakiwekwa saa ya chakula katika chumba kingine, yameuawa. Yapewe dakika 90 zisizoshindana na kikao chochote, karibu na meza ya vinywaji. Yagawanywe kwa namba: zenye shufwa zisimamiwe dakika 45 za kwanza, zenye witiri 45 za pili. Bila mgawanyo huo kila mwenye bango anasimama kwenye lake kipindi chote, na watu wanaofanya kazi zinazokaribiana, waliopangwa ubao kwa ubao, wanaondoka bila kuona cha mwenzake. Kati ya safu na safu paachwe kama mita mbili, watu watatu waweze kusimama mbele ya bango na wa nne akapita.

Mapumziko ni sehemu ya kazi

Watu 200, meza moja ya vinywaji, kila mmoja akichukua sekunde 10: sekunde 2,000, yaani zaidi ya dakika 33. Mapumziko ya dakika 30 yamekwisha kabla wa mwisho hajapata kikombe, na kikao kinachofuata kitachelewa, hata mwenyekiti awe hodari namna gani. Meza mbili zinazofikiwa pande zote mbili ni foleni nne, na kazi yote huisha katika dakika 8 na kitu. Sukari na vijiko vikae meza nyingine, hatua chache mbele, kwa sababu foleni husimamishwa na wanaokoroga, wala si wanaomimina. Haya ni mambo ambayo mshiriki anaweza kuyapima kwa saa ya simu akiwa amesimama foleni, na nakala yake ikamfaa mwandaaji kuliko malalamiko ya kurasa tatu.

Wapo waliolichukulia suala la mazungumzo kwa uzito tangu zamani. Gordon Research Conferences, makongamano ya kisayansi ya Marekani yaliyoanza 1931, huacha alasiri wazi ili watu wazungumze, na yanayosemwa huko hayanukuliwi nje. Schloss Dagstuhl nchini Ujerumani, kituo cha semina za sayansi ya kompyuta, hupanga viti vya mezani kwa bahati nasibu, hivyo profesa hujikuta ameketi na mtu asiyemjua. Kongamano lolote linaweza kuiga hilo kwa mlo mmoja tu: karatasi yenye namba ya meza nyuma ya kila kitambulisho.

Kitambulisho chenyewe kichapwe jina pande zote mbili, maana kikining'inia kwa kamba moja hugeuka. Jina liwe kubwa kuliko nembo ya kongamano. Lisomeke kutoka mita mbili, bila mtu kuinama kwenye kifua cha mwenzake.

Kuifikisha

Jioni ya siku ya mwisho, kabla ya safari, pitia daftari na uchague mambo matatu. Ukipeleka ishirini hayatafanyiwa kazi hata moja. Barua yenyewe iwe fupi, mfano huu:

"Ndugu Mwenyekiti wa Kamati, nashukuru kwa kazi kubwa mliyofanya. Nilihudhuria vikao 8. Katika vikao 6 mwasilishaji wa mwisho alipata chini ya dakika 12 kati ya 20. Sababu niliyoiona ni kwamba ratiba haikuweka muda wa kubadilishana. Napendekeza mada 3 kwa kila kikao, au vikao vya dakika 100. Foleni ya chai ilichukua dakika 26. Meza ilikuwa moja na ilifikiwa upande mmoja. Mabango yalipangwa saa ya chakula, na nilihesabu watu 9 kwa mabango 30. Niko tayari kusaidia kupanga ratiba ya mwakani."

Sentensi ya mwisho iandikwe ikiwa tu unaimaanisha. Mara nyingi itajibiwa upesi, kwa sababu kamati hukosa watu.

Kwa upande wa waandaaji, dodoso lijazwe ukumbini: dakika 5 ndani ya kikao cha kufunga, msimbo wa QR ukiwa kwenye skrini, kabla ya shukrani. Likitumwa wiki tatu baadaye, watajibu waliofurahi sana na waliokasirika sana. Maswali yasizidi sita, na yale ya "uliridhika kwa kiwango gani, 1 hadi 5" yapungue, maana wastani wa 3.9 haumwambii mtu abadili nini. Afadhali kuuliza: Ni kikao gani ulitoka kabla hakijaisha, na kwa nini? Ulikutana na nani ambaye utaendelea kuwasiliana naye kikazi, na mlikutana wapi? Kama ungelazimika kufuta kitu kimoja kwenye ratiba, kipi?

Kamati ikae ndani ya siku saba, ichague mambo matatu ya kubadili, na kila moja liwe na jina la mtu na tarehe. Kisha iandikwe hati ya makabidhiano ya kurasa tatu au nne kwa kamati ijayo: waliojisajili na waliofika, vyakula vilivyoagizwa na vilivyobaki, viti vya kila ukumbi na watu waliohesabiwa humo, kilichoharibika na aliyekitengeneza. Hati hiyo ikikosekana, kamati mpya itaweka mada yenye wasikilizaji 120 kwenye chumba cha viti 40, kwa mara ya pili.

Wapo pia wasioulizwa kabisa: waliokubaliwa mada zao wakashindwa kuja. Watumiwe swali moja tu, kilichowazuia. Majibu mengi hayahusu kongamano lenyewe, yanahusu kalenda yake. Mfano ni viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja: maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15, na kupata miadi ya kuyapeleka ni foleni nyingine. Majibu ya ikisiri yakitoka wiki sita kabla ya kongamano, barua ya mwaliko ikachukua wiki mbili tena, mtu huyo alishaachwa nje ya ukumbi tangu siku mwito wa makala ulipopangiwa tarehe. Miezi minne kati ya jibu na siku ya kufungua inampa nafasi, na barua ya mwaliko iambatanishwe kwenye ujumbe uleule wa kumkubali, ikiwa na jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti.